Je, Wajua? Dereva Mlevi na Bima Yake
Ukigonga ukiwa umelewa, bima kubwa inaweza isikulipe hata senti. Soma yale maandishi madogo kwenye mkataba: kati ya mambo yasiyolipiwa, ulevi haukosekani mara nyingi. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, iwe umekunywa bia ya baa au dengelua pale Kileo, wilayani Mwanga, kabla ya kushika barabara ya Same. Uliyemgonga ana haki ya fidia, na bima ya lazima ipo kwa ajili yake. Lakini kampuni ikishamlipa, yaweza kukugeukia uirudishie. Gari lililopondeka utalitengeneza mwenyewe, hata kwa kuuza shamba.