Kompyuta ya Zamani Isitupwe Bado

Juma lililopita nilipita Majengo, hapa Dodoma, kwa mama mmoja mwenye steshenari, nikamkuta ameshika tama. Fundi amemwambia kompyuta yake imepitwa na wakati, anunue nyingine. Nikaiwasha. Ilikuwa nzima kabisa, ukiacha vumbi letu la Dodoma lililojaa kwenye feni.

Kisa chenyewe ni hiki. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuziba kasoro za usalama katika Windows 10. Watumiaji binafsi waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja tu. Windows 11 nayo inazikataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Kompyuta haifi, inaendelea kuwaka, ila matundu mapya ya wezi na virusi hayazibwi. Na steshenari, kila mteja huja na flashi yake!

Ipo njia nyingine, nayo ni Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Ufini. Ni wa bure na kuunakili ni halali, jambo lisiloweza kusemwa juu ya Windows nyingi zinazowekwa mitaani. Linux ziko za aina nyingi. Kwa anayetoka Windows mimi namwelekeza Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, kwani kitufe cha kuanzia kiko kona ileile ya chini kushoto na mtu hapotei. Inaridhika na RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndiyo raha. Ndani yake imo LibreOffice, ya kuandikia barua na kupiga hesabu. Wala si ukoo mgeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice hiyo mwaka 2010.

Uzuri wake ni kwamba unaonja kabla ya kununua, tena hununui. Unapakua faili la karibu gigabaiti 3, linaandikwa kwenye flashi kwa programu maalumu, kisha kompyuta inawashwa kwa flashi hiyo. Kilichomo ndani hakiguswi. Tulijaribu. Printa ikaitika, skana ikagoma. Barua ya mteja iliyoandikwa kwa Word ikafunguka, lakini jedwali lake likahamia ukurasa wa pili. Mwenye kutegemea Photoshop asihame, kwa sababu haijatengenezwa kwa Linux.

Mama amekubali, kwa sharti moja: kwanza mafaili yote ya wateja yanakiliwe kwenye diski ya nje, maana ukikubali diski ifutwe, hakuna kurudi nyuma. Tunangoja Jumapili, duka likiwa limefungwa, na tunaomba umeme usikatike.