Mchezo wa Mafunjo

Sisi tukaao Kibondo na Kasulu tu majirani wa kinamasi kikubwa. Mto Malagarasi na Mto Moyowosi hupita katika nchi ya majimaji iliyojaa mafunjo, kisha maji hushuka polepole hata Ziwa Tanganyika. Mwaka 2000 eneo hili la Malagarasi-Muyovozi, lenye hekta 3,250,000 hivi, lilikuwa la kwanza Tanzania kuandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ambao mataifa yalipatana mwaka 1971 ili kulinda ardhioevu.

Lakini mtoto wa darasa la kwanza umwambie nini juu ya hekta na mikataba? Atasahau kabla kengele haijalia. Mpe mchezo wa kuigiza, naye atakumbuka. Mimi hupendelea mchezo huu.

Watoto wanne wawe Mto, kila mmoja abebe majani makavu, ndiyo udongo. Kumi wawe Mafunjo, wasimame karibu karibu. Watatu wawe Samaki, wakae nyuma ya Mafunjo. Mmoja awe Mkulima.

Kwanza Mto hupita kati ya Mafunjo. Njia ni nyembamba, hauwezi kukimbia. Mafunjo huyapokea majani, na Mto huwafikia Samaki mikono mitupu. Ndivyo ilivyo kweli: mafunjo hupunguza mwendo wa maji, udongo ukatua chini. Halafu Mkulima hufyeka, na kila Funjo aliyeguswa huketi. Sasa Mto huja mbio na kumwaga majani yote juu ya Samaki. Watoto watacheka, lakini wameona.

Hapa yafaa kuangalia sana. Mkulima asifanywe mtu mbaya. Wazazi wengi hulima mabondeni wakati wa kiangazi, maana huko ndiko kwenye unyevu. Mtoto akifundishwa kumzomea Mkulima, amefundishwa kumzomea baba yake. Basi akifika nyumbani atanyamaza. Afadhali Mkulima aseme haja yake: "Jamani, wanangu wale nini?" Ndipo watazamaji wajibu.

Mwalimu naye aeleze kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Watoto wazipime mita hizo uwanjani kwa kamba, waone zinakofika. Huenda Mkulima akasema, "Shamba langu lote limo humo." Asikatizwe. Hilo si swali la watoto, ni la wakubwa, nao yawapasa kulisikia.

Kwa hiyo nashauri mchezo huu uchezwe mbele ya wazazi. Februari 2, Siku ya Ardhioevu Duniani, yafaa sana. Wazazi wapewe viti vya mbele, na mchezo ukiisha, wapewe nafasi ya kumjibu Mkulima.