Maiti na Mzoga

Katika Kiswahili chetu mtu aliyekufa huitwa maiti, na mnyama mzoga. Sisi ambao mara nyingi tumesimama kumfasiria mhubiri mgeni twajua jinsi neno moja likikosewa linavyoweza kuharibu yote. Basi wazazi na walimu wenzetu na wasikie habari hii.

Mwezi wa Aprili 1917, katika vita vikuu vya kwanza, Karl Rosner, mwandishi wa gazeti moja la Berlin, aliandika kwamba alipita mahali penye harufu mbaya, ambapo jeshi lilitengeneza mafuta kwa mizoga. Neno lake lilikuwa Kadaver, ambalo kwa desturi Wadachi hulitumia kwa mnyama, na farasi waliokufa vitani walikuwa wengi mno. Lakini tarehe 17 Aprili magazeti mawili ya London, The Times na Daily Mail, yaliwaambia wasomaji wao kwamba Wadachi wanachemsha maiti za askari wao wenyewe. Wengi wakasadiki. Walikuwa wamefiwa na wana wao, wangekosaje kusadiki?

Waziri mmoja, Lord Robert Cecil, alipoulizwa Bungeni, alijibu kwamba serikali haina habari zaidi ya zile za magazetini. Ila kwa jinsi matendo mengine ya Wadachi yalivyo, jambo hilo si la kutosadikika. Liangalieni sana jibu hili. Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Aliuacha mlango wazi, uwongo ukapita wenyewe.

Desemba 1925, amani ikiwa imekwisha kuwapo miaka saba, waziri wa mambo ya nje, Austen Chamberlain, alikubali mbele ya Bunge neno la serikali ya Ujerumani kwamba habari ile haikuwa na msingi wo wote. Waingereza wengi wakaona haya, wakaazimia wasidanganywe tena.

Vikaja vita vya pili. Mwaka 1942 habari zilifika London kwamba watu wa Hitler wanawaangamiza Wayahudi, nazo safari hii zilikuwa kweli: hata vita vilipokwisha waliouawa walikuwa kama milioni 6. Lakini Agosti 1943 Victor Cavendish-Bentinck, mkuu wa kamati ya upelelezi ya Uingereza, aliandika kwamba habari za vyumba vya gesi zamkumbusha ile hadithi ya mafuta ya maiti. Vyumba hivyo vikaondolewa katika tangazo lililotolewa mwezi ule ule juu ya mateso ya watu wa Poland. Na siku zizo hizo, huko Auschwitz, vilikuwa vikifanya kazi.