Kompyuta na Safari ya Vyombo Vingi

Mwanafunzi atokaye Ngulyati, wilayani Bariadi, kwenda shule iliyoko Bukoba kwa kupitia ziwani hafiki kwa chombo kimoja. Hupanda pikipiki au gari dogo hadi Bariadi mjini, basi hadi Mwanza, kisha meli ya kuvuka Ziwa Victoria. Akiikosa meli hulazimika kungoja nyingine Mwanza, ilhali fedha aliyopewa nyumbani ni nauli tu. Kuunganisha vyombo kama hivyo ndiyo kazi ya programu za kompyuta za kupangia safari.

Kwa programu hizo, nchi ni mtandao wa vituo na viungo, na kila kiungo kina muda wake. Kanuni maarufu ya hesabu hii ilichapishwa mwaka 1959 na Mholanzi Edsger Dijkstra. Kompyuta huanza na kituo cha kwanza, ikaandika saa ya kufikia kila kituo jirani. Kisha hukichagua kile kinachofikiwa mapema kuliko vyote vilivyosalia, huendelea kutoka hapo, na kuisahihisha saa iliyoandikwa kila ipatikanapo njia ya haraka zaidi.

Penye ratiba, muda wa kiungo hutegemea saa ya kukifikia. Na ichukuliwe, kwa mfano, meli ing'oayo nanga saa 3:00 usiku. Basi lifikalo Mwanza saa 10:00 jioni na lile la saa 12:00 humfikisha abiria Bukoba wakati ule ule. Lifikalo saa 3:05 humwacha gatini. Mwendo wa kutoka stendi hadi bandarini nao sharti uhesabiwe, jambo ambalo wasafiri wengi husahau.

Ugumu hasa haumo katika hesabu bali katika takwimu. Mwaka 2005 Google na shirika la usafiri la TriMet, la Portland nchini Marekani, walibuni muundo mmoja wa kuandikia vituo na ratiba. Lakini gari la kijijini halina ratiba, huondoka lijaapo. Kuanzia mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Nairobi kikishirikiana na vyuo vya MIT na Columbia kilituma watu kupanda matatu wakiwa na simu zilizonakili mapito na vituo, na mwaka 2014 ikatolewa ramani ya njia zaidi ya 130. Pasipo na ratiba, muundo ule huruhusu kuandika kadiri ya muda kati ya gari na gari.

Kwa Ngulyati, kadiri hiyo yaweza kupatikana kwa saa, daftari na mtu wa kukaa kituoni wiki nzima, siku ya gulio ikiandikwa peke yake, maana siku hiyo magari hujaa upesi.