Mtaji wa Benki (3): Tuanze na Mikopo Chechefu

Sheria iliyotiwa saini Kenya Desemba 2024 inazitaka benki zipandishe mtaji wa msingi kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10 ifikapo mwisho wa 2029. Katika sehemu mbili zilizopita nilieleza kazi ya mtaji. Leo nauliza unahesabiwaje, na jibu liko Tanzania, katika historia ya Benki ya Taifa ya Biashara (NBC).

NBC ilizaliwa 1967, benki za kigeni zilipotaifishwa. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa 1976, ununuzi wa mazao ulishikwa na mamlaka za mazao, na fedha za msimu zikatoka NBC. Utazame mkopo mmoja wa pamba. Mamlaka inachukua fedha na kuanza kununua. Gharama za kuchambua na kusafirisha zinameza bei. Msimu unakwisha, deni bado liko palepale. Msimu unaofuata inakopeshwa tena, na riba ya zamani, ambayo hakuna aliyeilipa, inaandikwa kuwa mapato! Vitabuni benki inastawi, ilhali mtaji umekwisha kuliwa.

Tume ya kuchunguza mabenki, chini ya Charles Nyirabu, iliyaanika hayo, na mwaka 1991 ikaja sheria mpya ya mabenki pamoja na LART, chombo cha kukusanya madeni mabaya. Pengo liliangukia hazina ya umma. Naliona hilo ni dhuluma: mkopaji mkubwa alisamehewa kwa vitendo, mzigo akabebeshwa mkulima. Wala vitabu vilivyosafishwa havikubadili tabia ya kukopesha. NBC ilizalisha madeni mabaya mapya mpaka ikagawanywa 1997, na benki ya NMB ikatoka humo.

Siku hizi mkopo uliopitisha siku 90 bila marejesho huitwa chechefu, na tangu 2018 kanuni za kimataifa za uhasibu zinaitaka benki itenge fedha kwa hasara inayotarajiwa, isingoje itokee. Lakini kanuni haimzuii anayeficha. Chase Bank ya Nairobi iliwekwa chini ya usimamizi Aprili 2016, baada ya mikopo ya watu wa ndani kuonekana mikubwa kuliko ilivyotangazwa mwanzoni. Bilioni 10 zilizohesabiwa juu ya mikopo ya namna hiyo hazimlindi mwenye amana.

Benki huchapisha hesabu zake magazetini kila robo mwaka. Msomaji, usiishie kwenye faida. Shuka hadi mstari wa mikopo chechefu, uulinganishe na fedha zilizotengwa, kisha umwulize meneja wa benki yako tofauti hiyo italipwa na nani.