Mchanga wa omena huondolewa kwa kuosha, si kwa kupika

KATIKA mitaa ya Kaloleni, Makongeni, Umoja, Kayole na Dandora, Mashariki mwa Nairobi, omena ni kitoweo kinachookoa familia nyingi bei ya nyama inapopanda.

Hata hivyo, wapo wanaoikwepa kwa madai kuwa ni chungu na ina mchanga. Kasoro hizo hutokana zaidi na jinsi inavyokaushwa na kuandaliwa.

Omena huvuliwa usiku katika Ziwa Victoria, wavuvi wakitumia taa kuivutia. Asubuhi huanikwa ufuoni, mara nyingi juu ya nyavu zilizotandazwa chini, na hapo ndipo mchanga huingia. Msimu wa mvua hukauka kwa shida, mafuta yake huchacha na ladha huharibika.

Kwa hivyo, kazi ya mpishi huanza sokoni. Iwe ni Gikomba au kwenye kibanda cha mtaani, omena njema hung’aa kama fedha, ni kavu na haijavunjikavunjika. Iliyogeuka manjano, yenye ukungu au harufu kali, haifai kununuliwa hata ikiwa nafuu.

Ni muhimu pia kumwuliza mwuzaji iwapo ni ya kuliwa na watu, kwa kuwa kiasi kikubwa cha omena husagwa kuwa chakula cha kuku, na hiyo huenda haikutunzwa kwa uangalifu.

Nyumbani, chambua mawe na takataka kwanza. Tia omena katika maji moto kwa dakika tano, kisha iopoe kwa mikono au kijiko chenye matundu. Usiimwage pamoja na maji, kwani mchanga uliotuama chini utairudia. Badilisha maji mara tatu au zaidi, hadi yasiache chembe chini ya beseni. Asiyependa uchungu na anyofoe vichwa.

Ichuje, kisha uikaange kwa mafuta kiasi hadi iwe kavu na kuanza kubadilika rangi. Ongeza vitunguu, nyanya na chumvi. Funika sufuria, punguza moto na uache mvuke uilainishe kwa dakika 10 hivi. Usiikoroge mara kwa mara, la sivyo itapondeka.

Baadhi ya familia zenye asili ya Nyanza humalizia kwa maziwa, ambayo hupunguza ukali wa ladha. Wengine hukamulia limau. Pakua ingali moto, pamoja na ugali na sukuma wiki au managu.

Omena huliwa nzima pamoja na mifupa, hivyo humpa mlaji protini na madini ya kalsiamu kwa wingi. Kwa mzazi mwenye watoto wanaokua na mfuko mwepesi, dakika chache za kuiosha vyema si kazi bure.