Kinachopimwa ni Kazi, Si Mtu

Susan Archibald alikuwa mfagia barabara wa halmashauri ya Fife, huko Scotland. Mwaka 1999 alifanyiwa upasuaji mdogo, mambo yakaharibika, akabaki karibu hawezi kutembea kabisa. Ufagio ulimshinda, lakini kazi ya kukaa ofisini aliiweza. Halmashauri ikamruhusu aombe nafasi nyingine, ila kwa usaili wa ushindani kama mwombaji yeyote. Aliomba zaidi ya nafasi 100. Zote alikosa, na Machi 2001 akaachishwa kazi.

Kesi yake ilipanda hadi Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Julai 2004 majaji walitamka kwamba kumtendea mwenye ulemavu sawasawa na wengine kunaweza kusitoshe. Wajibu wa mwajiri kurekebisha mazingira ya kazi unaweza kumtaka ampendelee, hata kumhamishia nafasi nyingine bila ushindani.

Mtazamo wa awali ulikuwa tofauti kabisa. Sheria ya mwaka 1944, iliyotungwa majeruhi wa vita wakirudi nyumbani, iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi watenge asilimia 3 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Msomaji wa Tanzania atazitambua namba hizo: ndizo zilizomo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Uingereza ilitenga pia kazi mbili mahususi, kuendesha lifti na kulinda maegesho ya magari. Hilo linaonyesha watu wenye ulemavu walivyodhaniwa. Sheria yenyewe ilipuuzwa, na waajiri walioshtakiwa katika nusu karne ni wa kuhesabu kwa vidole.

Kilichobadilisha hali ni watu wenye ulemavu wenyewe, waliojifunga kwa minyororo kwenye mabasi wasiyoweza kuyapanda. Mwaka 1994 muswada wa haki zao ulipokwamishwa bungeni, Victoria Scott, mwanaharakati wa haki hizo, alimlaumu hadharani waziri aliyehusika, Nicholas Scott. Waziri huyo alikuwa baba yake mzazi. Mwaka uliofuata sheria ya kupinga ubaguzi ikapita, na asilimia 3 ikafutwa. Leo wajibu wa mwajiri kurekebisha mazingira ya kazi umo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010.

Mwaka huohuo wa 1994 serikali ilianzisha mpango wa Access to Work, na hapa ndipo Waswahili wengi walioko Uingereza wanapopitwa. Fedha zake ni ruzuku, hazirudishwi. Anayeomba ni mfanyakazi mwenyewe, hata aliyejiajiri. Mtathmini huangalia kazi inavyofanyika: kiti, taa, ngazi, safari ya asubuhi. Asiyeona vizuri anaweza kupata programu inayomsomea maandishi ya kompyuta kwa sauti. Kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama. Asiyeweza kupanda basi, nauli ya teksi. Maradhi ya akili nayo yamo.

Wengi hunyamaza kwa kuhofia kuonekana mzigo, na hofu hiyo inaeleweka kwa mtu aliyehangaika miaka kupata kazi ugenini. Lakini mwajiri hawezi kulaumiwa kwa kutorekebisha asichokijua na ambacho hangeweza kukijua. Ukimya humlinda yeye, si mfanyakazi.

Kasoro zipo. Foleni ya maombi ni ndefu, na wapo wanaosubiri miezi. Wanaokaribia kuanza kazi mpya hupewa kipaumbele, na anayeomba ndani ya wiki 6 za mwanzo anaweza kulipiwa gharama zote zilizoidhinishwa bila mwajiri kuchangia. Kwa hiyo, ndugu uliyepata barua ya ajira wiki hii, usisubiri mgongo ukatae au macho yachoke. Omba sasa, na umwambie msimamizi wako kwa maandishi.